Ukuta wa Darasa la Tano

Uvira, Jumapili, saa tisa mchana

Nabintu, mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda Kasenga kumuaga shangazi yako, nami nimebaki peke yangu kwenye meza hii ninayosahihishia madaftari. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, maana kila nilipoanza nilijikuta naandika kama direkta anayefungua mwaka wa shule: uwe na subira, uwe mfano, uwahi asubuhi. Ya chandarua, ya unga, ya kutopanda moto, hizi pikipiki, ya mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na atayasema tena kesho mpaka dereva aondoke. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka saba.

Kesho unakwenda Katogota kushika darasa la kwanza. Watoto watakuita mwalimu, kama wanavyoniita mimi. Sitaki upande moto ile ukiwa bado unaamini kwamba ukuta ulikuangukia kwa sababu ya ziwa.

Najua unavyoisimulia hadithi hiyo. Nimekusikia ukiwaambia rafiki zako. Kwamba mwaka ule ziwa lilipanda, likala nyumba za pembeni, likaingia uwanja wa shule. Ukuta wa nyuma ukalowa, ukaanguka wewe ukiwa darasa la tano, ukakuvunja mguu wa kushoto. Kwamba papa yako, aliyekuwa akifundisha darasa la sita chumba cha pili, alikuja akachimbua matofali kwa mikono mpaka kucha zikatoka. Mtaa mzima ulinisifu. Kanisani walinisimamisha mbele. Nami nilisimama, Nabintu. Nilisimama na bandeji zangu, nikapokea makofi.

Sasa sikia asubuhi ile ilivyoanza.

Maji yalikuwa uwanjani tayari wiki nzima. Mlikuwa mkivua viatu getini, utakumbuka. Shule mbili za jirani zilikuwa zimehamia kwenye makanisa ya juu, upande wa mlima. Direkta wetu alituita ofisini akauliza: tuhame au tungoje? Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Shule yetu ilikuwa juu ya orodha miaka mingi, na darasa lililoleta sifa hiyo lilikuwa langu. Walimu wengine walinitazama kabla ya kujibu. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Baada yangu wote wakasema tungoje.

Sifa yenyewe ilipatikanaje? Hilo pia hulijui. Kila Januari nilipita kwenye madaftari nikatafuta wale watakaoshindwa, nikawaita wazazi wao: "Mtoto huyu arudie darasa la tano, bado hajakomaa." Waliorudia mara mbili walichoka, wakaacha. Waliobaki walifaulu wote, na kwenye ukuta wa ofisi ikaandikwa mia kwa mia. Shule nilikuwa naipima kwa wale waliobaki ndani. Niliowatoa hawakuonekana kwenye karatasi yoyote. Kama ungeniuliza wakati ule shule ni ya nini, ningekujibu bila kufikiri: ni ya kupitisha watoto mtihani. Na mtihani ni wa nini? Ni wa kwenda sekondari. Na wasiokwenda? Hapo ningekuambia unyamaze.

Nimesimama kidogo, nimekwenda hadi barabarani nikarudi. Nilidhani nimesikia sauti yako.

Katika darasa langu alikuwamo msichana anaitwa Faida. Mrefu, mtoto wa mvuvi wa Kalundu. Nguo yake ilikuwa na harufu ya ndagala, wale samaki wadogo ambao mama yake aliwaanika. Kifaransa kilimshinda, nami nilikuwa na simboli. Hiyo unaijua, nawe uliwahi kuivaa: kile kibao chenye kamba nilichomvika shingoni mtoto aliyesema Kiswahili au Kifuliiru darasani, akakivaa mpaka amkamate mwenzake na kosa hilo hilo. Faida alikuwa akikivaa karibu kila siku. Kwenye karatasi yake ya alama, ile ya Pasaka, niliandika kwa mkono wangu: hajui kujieleza.

Asubuhi ile tulikuwa na jiografia. Darasa zima linakariri kwa Kifaransa, kwa sauti moja, kwamba ziwa ni maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu. Na maji yenyewe yako chini ya madawati, yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikikumbuka leo nataka kucheka na siwezi.

Faida aliinua kidole. Alikuwa anakaa nyuma, karibu na ule ukuta unaotazama ziwa, ambao ulikuwa mmoja kwa vyumba vyote viwili, chetu na chenu.

"Mwalimu, ukuta iko na..."

"Kwa Kifaransa."

Akajaribu. "Monsieur, le mur... le mur est..." Neno halikuja. Alifungua kiganja, akakifunga polepole, kama mtu anayekamua kitambaa. Wenzake wakaanza kucheka.

"Kaa chini."

"Mwalimu, minye niliigusa. Iko kama sabuni. Na kule kwa darasa la tano iko mubaya kupita huku."

Nilitembea mpaka nyuma nikamvika simboli. Nikamwambia, nakumbuka kila neno: "Mutihani iko karibu, na weye uko natazama ukuta. Toka inje."

Ukuta sikuugusa. Mkono wangu ulikuwa umbali wa dawati moja. Nilirudi kwenye ubao, na darasa likaendelea na ziwa.

Muda mfupi baadaye nikasikia sauti yake upande wenu, dirishani. "Mutoke! Mutoke kwa ukuta! Mukuje huku!" Umewahi kuniambia kwamba kabla ya ukuta kuanguka ulisikia msichana akipiga kelele, na hukujua ni nani. Ni yeye. Mwalimu wenu alikuwa amekwenda ofisini. Waliokaa nyuma walikimbia, wengine wakapanda juu ya madawati ya mbele. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika fimbo, nafika mlangoni niende nimwadhibu kwa kuvuruga shule, ndipo nikasikia ule mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama gunia la muhogo linalotupwa chini. Upande wetu ulibaki umesimama. Upande wenu ulianguka wote, na mtoto aliyebaki kwenye dawati la nyuma alikuwa mmoja.

Siku ya tatu hospitali, ulipoanza kusema vizuri, nilikuuliza kwa nini hukukimbia na wenzako. Ulinijibu kwa utulivu, kama mtoto anayejibu somo analolijua: "Papa, minye nilibaki sababu hakuna mwalimu mwenye alisema tutoke."

Wewe umesahau. Nilikuuliza mwaka jana, ukasema hukumbuki hata kitanda. Mimi nakumbuka. Nyumbani na shuleni nilikufundisha hivyo: usiondoke kwenye nafasi yako mpaka uambiwe. Wazazi waliniambia una nidhamu, nami nikafurahi. Mtoto niliyeandika kwamba hajui kujieleza aliwatoa watoto wa darasa zima, na mtoto niliyemlea mwenyewe akakaa chini ya ukuta akingoja ruhusa.

Watu wa ofisi ya elimu walikuja kuuliza habari. Direkta alisema hakuna aliyeweza kujua. Mimi ndiye niliyeandika ripoti, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Niliandika: hakuna dalili yoyote iliyoonekana. Nikatia sahihi. Na tangu siku ile niliogopa msichana wa miaka kumi na mitatu kama mtu anavyoogopa askari. Lakini Faida hakurudi shuleni. Mtihani ulifanyika, nasi tukawa wa kwanza tena.

Ulipoanza kutembea na magongo nilikwenda Kalundu kumtafuta. Nilimkuta na mama yake wakigeuza ndagala kwenye vichanja. Nilivaa koti. Nilisema shule inasikitika kwa yaliyotokea, shule ingependa Faida arudi. Shule! Kana kwamba shule ndiyo iliyomvika simboli ikamtoa inje.

Mama yake hakuacha kazi. "Mwalimu, ukimurudisha, mutamufundisha nini?"

Nikasema atarudia darasa la sita, atapata cheti.

Faida ndiye aliyenitazama. "Lile neno," akasema. "Ukuta ikilegea vile, sababu ya maji, kwa Kifaransa wanasemaka namna gani?"

Nabintu, nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kufundisha. Nilisimama pale na koti langu, nikatafuta neno, na neno halikuja. Hakunicheka. Alingoja kidogo, kisha akainama kwenye samaki wake. Nilipanda moto kurudi mjini, na neno lilinijia nimefika mtaa wa Kimanga, wakati halina kazi tena.

Hapo ndipo nilipotupa simboli. Usidhani kwamba toka siku hiyo nilikuwa mwalimu mwema. Sehemu hii ndiyo inayonisumbua zaidi. Niligeuza kila kitu kwa mara moja. Nikaanza kufundisha kwa Kiswahili, na Kifaransa nikakiweka kando kabisa. Kila Jumatatu watoto walizunguka jengo lote, wakagusa kuta na mihimili, wakaniandikia walichokiona. Tulipigilia vijiti ufukweni tukapima maji. Saa ya mwisho ilikuwa ya maswali tu. Darasa lilikuwa na kelele, nami nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuijua. Hakuna niliyemrudisha darasa la tano. Wote walifanya mtihani, na wengi walianguka.

Wazazi walikuja juu. Kwenye mkutano wa komite ya wazazi baba mmoja alisimama akaniuliza: "Mutoto yangu nilimutuma asome, ama nilimutuma akuwe fundi wa kutazama nyumba?" Watu walicheka. Mimi nilikasirika, nikawaambia hawaelewi. Enspekta alipokuja alifungua kitabu changu cha matayarisho akauliza swali moja: "Hii iko wapi ndani ya programu?" Haikuwamo kwenye mtaala. Mwaka uliofuata nikapewa darasa la pili, na wewe ukadhani ni uzee.

Haya yote ningeyavumilia kwa kiburi, ningejiona shahidi. Lakini alikuja msichana mmoja wa darasa lile la maswali, aliyekuwa na akili sana, aliyepita mtihani kwa shida akaingia sekondari. Alinikuta hapa nyumbani, akasimama pale mlangoni, hakutaka kukaa. "Mwalimu," akasema, "ulitufundisha kuuliza. Kule nauliza, wananijibu Kifaransa, na minye sisikii kitu. Wenye kukariri wananipita wote." Aliacha kabla mwaka haujaisha.

Huyo naye ni wangu. Wa kwanza nilimtoa kwa sababu sikumsikiliza. Huyu nilimpoteza kwa sababu nilikuwa natubu, na toba yangu nikawabebesha watoto wasiohusika. Sikufanya kazi ngumu ya katikati: kumpa mtoto lugha yake afikirie, na lugha ya ofisi ili asifungiwe mlango. Nilichagua iliyotuliza moyo wangu.

Nimetembea tena. Nimefika kona ya duka, nimerudi. Jirani ameniuliza kama kuna mgonjwa.

Nisikilize hapa, mama. Nakuita mama kwa kuwa una jina la mama yangu, na leo nazungumza nawe kama mtu anayeomba, si anayefundisha. Wanasema sasa shule zinageuzwa. Mwaka huu tuliitwa kwenye semina ya siku mbili kuhusu programu mpya. Bwana aliyetoka mbali alituambia kwamba mwanafunzi awe katikati, na sisi walimu wote, watu wazima wenye mvi, tulikaa kwa safu tukinakili maneno hayo kutoka ubaoni bila kuinua vichwa. Nilinyoosha mkono. Aliniambia maswali ni mwishoni. Mwisho ulipofika tulipewa soda. Sisemi haya ili ucheke. Bwana yule ni mtu mzuri, na maneno yake ni ya kweli. Lakini niliona kwamba unaweza kubadilisha karatasi zote za shule na mtoto wa nyuma bado akaambiwa kaa chini.

Katogota siijui vizuri. Najua wanalima mpunga na muhogo, na kwamba wakati wa mavuno madarasa yanabaki nusu, na walimu wanaandika watoto hao kuwa watoro. Watakupa daftari la mahudhurio uandike hivyo hivyo. Sijui ufanye nini. Labda uende shambani uwaone kwanza. Labda uwaulize wazazi wao wanataka mtoto ajue nini akifika miaka kumi na miwili, uwasikilize mpaka mwisho, hata wakitaja mtihani. Mimi niliwaambia hawaelewi. Walikuwa wanaogopa tu, kama mimi. Utakuwa na watoto mia moja chumbani, na Kiswahili chao hakitakuwa sawa na chako. Siku nyingine utachoka utataka wakariri tu ili upumue. Waache wakariri siku hiyo. Usiwe shujaa. Ila mmoja akinyoosha kidole akasema kuna kitu kibaya, kwa lugha yoyote na kwa maneno yaliyovunjika namna yoyote, acha chaki uende ukaguse.

Utajiuliza kwa nini nakwambia leo, baada ya miaka saba. Si ushujaa. Mdogo wake Faida, msichana pia, yuko katika darasa langu la pili mwaka huu. Faida humfuata saa sita. Alikuwa akinisalimia kwa mbali, nami namjibu kwa mbali. Wiki iliyopita alikuja mpaka mlangoni.

"Nabintu mutoto yako, anatembea muzuri?"

"Anachechemea kidogo wakati wa baridi," nikamwambia. "Anakwenda kufundisha Katogota."

Kisha akauliza, "Anajua?"

Nikasema hapana.

"Sasa anaenda kufundisha nini?"

Alimshika mdogo wake mkono wakaondoka. Hakusema kwa hasira. Nilibaki mlangoni na watoto wananipita kushoto na kulia. Hakuna usiku wa miaka hii saba uliokuwa mrefu kama ile njia ya kurudi nyumbani.

Jana nilimwandikia direkta wa sasa karatasi, nikasema ripoti ya ule ukuta ilikuwa ya uongo, na kwamba mwanafunzi Faida alitoa habari nikamfukuza. Sijui ataifanya nini. Huenda wakaniondoa hata kwenye darasa la pili. Mama yako anajua, nilimwambia juzi. Hajazungumza nami tangu hapo ila ya lazima, na ndiyo maana leo alikupeleka Kasenga mapema, ili nipate mchana mzima wa kuandika.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa Katogota, nisiuone uso wako. Nimeikunja, nimeifungua mara mbili. Ukiisoma kule, utakaa na maswali yako peke yako, na mimi nitakuwa hapa nimepona. Sitaki kupona hivyo.

Nasikia mama yako anazungumza na jirani. Mmefika. Nitakupa mkononi, uisome hapa mezani. Nitakaa kiti cha pili mpaka umalize.

Papa yako